Boila: presha inafika 3 hitingi ikiwaka, asubuhi iko 0, wiki ya tatu naongeza maji kila siku

MamaNasra (Leicester)

Wadau habari za jioni, naomba msaada maana nimeishiwa mbinu. Niko Leicester, nyumba ya kupanga, hizi teras za matofali za zamani, nakaa na watoto watatu na wa mwisho ana miezi minane. Boila, yaani mashine ya gesi inayopasha maji ya kuoga na ya kuleta joto nyumbani (hiyo ya joto ndo hitingi), ni kombi, ile isiyo na tangi la maji, ukifungua bomba maji ya moto yanakuja papo hapo, imefungwa jikoni ndani ya kabati.

Shida iko hivi. Asubuhi nikiamka nyumba baridi kama nje, redieta (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto) zote za baridi, naenda kwenye boila nakuta namba ya hitilafu inawakawaka na mshale wa presha umelala kwenye 0. Nafungua zile koki mbili nyeusi kwenye ule mpira uliosukiwa waya hapo chini, nasikia maji yanaingia, mshale unapanda mpaka 1.5 nafunga, nabonyeza riseti, boila inawaka, nashukuru Mungu. Sasa hitingi ikishawaka kama nusu saa mshale unaanza kupanda wenyewe, 2, 2 na nusu, jana nimeusimamia kwa macho yangu ukafika karibu na 3 pale penye rangi nyekundu, nikaogopa nikazima. Ikipoa inashuka, ikilala usiku kucha asubuhi tuko palepale kwenye 0.

Mwanzoni ilikua mara moja kwa wiki nikaona kawaida, saa hizi ni kila siku na juzi mara mbili kwa siku moja. Nimepapasa chini ya redieta zote, kapeti kavu, dari haina alama ya maji. Mita ya gesi ni ya kuweka hela kwanza na salio lipo, jiko la kupikia linawaka vizuri tu. Betri za termostati, kile kidude cha kupangia joto, nimebadilisha.

Nimempigia mwenye nyumba anasema we endelea tu kuongeza maji, maboila yote ndo yalivyo. Kwetu Tanga sijawahi kuishi na kitu kama hiki, maji ya kuoga tulikua tunachemsha kwenye sufuria yanatosha, kwa hiyo sina pa kulinganishia. Maswali yangu ni mawili, haya maji yanaenda wapi kama ndani hayavuji? Na hiyo presha ya 3 inaweza kulipuka? Maana chumba cha watoto kiko juu ya jiko kabisa, nikilala sipati usingizi nawaza hilo tu.

KakaMkubwa_Coventry

Pole sana dada. Mi si fundi ila kwangu ilikua redieta ya chumbani, ile koki yake ya pembeni ilikua inatoa unyevu kidogo sana, ikiwa ya moto yale maji yanakauka kabla hujayaona. Chukua tishu kavu uzungushe kwenye kila koki ya redieta hitingi ikiwa imezima na imepoa, tishu ikilowa umempata mwizi. Lakini hiyo ya kupanda mpaka 3 kwangu haikuwepo, hapo naachia wenye ujuzi.

MtuWaKisauni (London)

Dada yangu pole. Mie yalinifika hayahaya hapa Tottenham mwaka juzi. Toka nje utazame ukutani upande wa pili wa boila, kuna kipaipu cha shaba chembamba kimepinda kimerudi ukutani. Changu kilikua chadondosha maji usiku kucha. Nilinunua kifuniko dukani nikakiziba pale mwisho, na tangu siku hiyo presha haishuki tena na sijaita fundi. Jaribu hivyo, ni pauni mbili tatu tu.

FundiGesi_Bham

Naanza na ndugu yangu wa Kisauni maana hili lako haliwezi kusubiri. Kaka, tafadhali, leo hii zima boila, iache ipoe kabisa, halafu kaondoe hicho kifuniko, na usiiwashe tena mpaka fundi aitazame. Hicho kipaipu ni mlango wa dharura. Ndani ya boila kuna valvu ya usalama, presha ya maji ikifika bar 3 (bar ndo kipimo cha presha, zile namba za kwenye geji) inafunguka inatema maji nje ili kitu kingine kisipasuke. Ukiziba mwisho wake maji ya moto sana hayana pa kutokea, na kama siku hiyo termostati ya ndani nayo imekwama, hilo ni boila lenye mdomo ulioshonwa. Nakuomba kama ndugu yako.

Sasa nije kwa dada wa Leicester. Mi ni fundi wa gesi huku Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa, nimesajiliwa Gas Safe, ile orodha ya mafundi wanaoruhusiwa kisheria kugusa gesi. Ulivyoeleza umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, na hilo la kupanda mpaka 3 ikiwa ya moto halafu 0 ikiwa baridi karibu linatosha lenyewe kutaja ugonjwa.

Kwanza tuondoe hofu kidogo. Presha unayoiona kwenye ile geji sio ya gesi, ni ya maji yanayozunguka kwenye redieta. Bar 3 ni zaidi kidogo ya tairi la gari dogo. Na ile valvu ya usalama kwako inafanya kazi, ndo maana maji yanaisha. Kwa hiyo watoto hawajalalia bomu, ila kweli boila ni bovu na mwenye nyumba anakudanganya au hajui. Boila zima haliombi maji kila siku. Langu nyumbani naliongezea labda mara moja kwa mwaka.

Maji yakipata moto yanavimba. Umeshawahi kujaza sufuria mpaka ukingoni ukaweka motoni, kabla hata hayajachemka yanaanza kumwagika pembeni. Nyumba yenye lita 100 kwenye mabomba na redieta, ukiyatoa nyuzi 10 ukayafikisha 70, yanaongezeka kama lita 2 hivi. Sufuria ina pa kumwagia lakini mabomba ya hitingi yamefungwa pande zote na maji hayabanwi. Kwa hiyo ndani ya boila wanaweka tangi dogo la bapa au la mviringo, mara nyingi la rangi nyekundu au kijivu, limegawanywa katikati na ngozi ya mpira. Upande mmoja maji ya hitingi, upande wa pili upepo. Maji yakivimba yanasukuma ule mpira, upepo unabanwa, presha inapanda kidogo tu, tuseme kutoka 1.3 mpaka 1.8. Yakipoa upepo unayarudisha. Ni kama kukalia tyubu ya gari iliyojazwa, unazama kidogo halafu inakuinua.

Sasa ule upepo unapungua miaka ikienda, kama baiskeli iliyowekwa stoo, au mpira wenyewe unatoboka. Upepo ukiisha tangi lote linajaa maji, hakuna tena pa kuvimbia. Ukiwasha hitingi presha inaruka mpaka 3, valvu inafunguka inatema lita moja mbili nje, kipaipu cha shaba ndo njia yake. Hitingi ikizimwa yale yaliyobaki yanasinyaa, na kwa kuwa yamepungua mshale unakuta 0. Boila likiona presha iko chini, mengi yanakataa chini ya kama 0.5, linajizima lisiungue kavu. We unaongeza maji, mzunguko unaanza upya.

Na kuna ubaya wa kuongeza maji kila siku ambao watu hawaujui. Maji ya kwenye redieta yakikaa yanakua kama yamekufa, oksijeni yake imeshaisha, hayali chuma tena. Kila ukiongeza mapya unaleta oksijeni mpya, chuma cha redieta kinaanza kuoza kwa ndani, linatoka lile tope jeusi linalokwenda kuziba pampu na boila. Kwa hiyo hiyo "endelea tu kuongeza" ya mwenye nyumba inamharibia mali yake mwenyewe.

Kuthibitisha fanya hivi, hauhitaji spana. Chukua mfuko mdogo wa plastiki, boila ikiwa imepoa, uvalishe kilegevu mwisho wa kile kipaipu cha shaba nje na kimpira cha nywele, usikaze, unatakiwa uweze kudondoka wenyewe maji yakija kwa nguvu. Washa hitingi saa moja, watoto wasiwe karibu na hapo nje maana yakitoka ni ya moto. Ukikuta maji kwenye mfuko, tangi la upepo ndo mshitakiwa wa kwanza na valvu ya usalama wa pili, maana ikishafunguka mara nyingi uchafu unakaa kwenye kiti chake haifungi vizuri tena. Mfuko ukiwa mkavu, basi tufuate njia ya kaka wa Coventry ya tishu, au maji yanapotelea ndani ya boila kwenye kile kisanduku cha joto na kutokea na bomba la plastiki jeupe, hilo fundi ndo atalijua.

Kitu kimoja cha mwisho. Kuongeza maji, kuriseti, kutoa hewa kwenye redieta, hivyo ni vyako wala sheria haikukatazi. Ila kifuniko cha boila usikifungue. Maboila mengi ya siku hizi kile kifuniko ndo kinachozuia moshi usiingie ndani ya nyumba, ukikirudisha vibaya kwa milimita tu umeshaharibu.

MtuWaKisauni (London)

Fundi, nimekwenda nje na tochi nimekiondoa. Maji yalitoka kama nusu kikombe, boila ilikua baridi. Nimeizima. Wallahi sikujua, nikidhani ni paipu ya kumwaga maji ya ziada tu. Mamangu mzee alala chumba cha karibu na hiyo boila. Ahsante sana, kesho naita mtu.

MamaNasra (Leicester)

Jamani nimerudi. Nimefanya ule mfuko, nimewasha hitingi saa moja na dakika kumi, mfuko ulikua umedondoka na chini pamelowa na ndani yake maji yamebaki kama glasi mbili, bado ya vuguvugu. Kwa hiyo ndo huko yalikua yanaenda wiki tatu zote, nje ukutani, na mi napapasa kapeti.

Nimempelekea mwenye nyumba picha. Kajibu baada ya saa sita anasema atamtuma shemeji yake "anajua mambo ya mabomba". Kaja jioni, kijana mpole tu, anataka kuvua kifuniko cha boila. Nikamwuliza kwa upole kaka una kitambulisho cha Gas Safe? Akasema hana ila ameshafungua nyingi. Nikamkatalia. Kaondoka na sasa mwenye nyumba kakasirika anasema nasumbua, na leo ni Ijumaa, mpaka Jumatatu hana mtu mwingine.

Usiku huu wanasema itashuka nyuzi 4 chini ya sifuri. Nimeogopa kuendelea kuliwasha maana kile kipaipu sasa kinadondosha hata likiwa limepoa. Nina hita moja ndogo ya umeme. Nilikua nafikiria lile jiko dogo la mkaa la nyama choma tulilotumia kiangazi, niliwashie nje moshi uishe kabisa mkaa ushike wekundu, halafu niliingize sebuleni tulale wote hapo na dirisha nitaacha wazi kidogo. Kwetu bibi alikua anafanya hivyo Lushoto wakati wa baridi. Mnaonaje?

Riziki_Luton

MamaNasra USIINGIZE huo mkaa. Samahani naandika kwa herufi kubwa ila nataka uone hili kabla ya mengine yote. Mimi ni nesi, nimefanya kazi ya dharura miaka sita, nakusihi usifanye hivyo hata kwa dakika kumi.

Moshi sio unaoua. Mkaa ukishakua mwekundu hauna moshi ndo kwanza unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ikiingia kwenye mapafu inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala. Mtoto wa miezi minane anapumua haraka kuliko wewe, atazidiwa kabla wewe hujahisi kitu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Nyumba ya bibi Lushoto pengine ilikua na upenyo kwenye paa na mlango, nyumba za huku madirisha ni vioo viwili na kila tundu limezibwa.

Usiku wa leo fanya hivi. Wote chumba kimoja, kidogo kuliko vyote, mlango umefungwa, taulo chini ya mlango, mapazia mazito. Hita ya umeme iwashe ukiwa macho, ichomeke moja kwa moja ukutani sio kwenye ekstensheni, mbali na shuka. Chupa za maji ya moto kwa wewe na wakubwa, sio kwa mtoto mchanga. Mtoto mvalishe tabaka jembamba jembamba, mlaze kwenye kitanda chake karibu na chako, usimfunike mablanketi mazito wala kofia akiwa amelala. Na jirani yako mmoja mgongee mlango umwambie, watu huku wanakua kimya lakini ukiwaambia nina mtoto mchanga na hitingi imekufa wengi watakupa hita ya mafuta ya kuazima, ile ya umeme yenye mafuta ndani, sio ya kuchoma mafuta ya taa.

Na hapo ulipo una alamu ya kaboni monoksaidi? Ni tofauti na ya moshi. England kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba anatakiwa aweke kwenye chumba cha kukaa watu chenye boila ya gesi au chombo kingine cha kuchoma kilichofungwa humo, majiko ya kupikia ndo hayamo. Kama hamna, hiyo ni hoja nyingine ya kumwandikia. Siku yoyote mkiumwa vichwa watu wote ndani ya nyumba kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, zima boila, fungua madirisha, tokeni, piga 0800 111 999, ni bure na ni saa 24, hiyohiyo ndo ya kupiga ukinusa gesi. Mtu akizimia ni 999.

MamaNasra (Leicester)

Nimesoma dada Riziki. Mkaa nimeurudisha bandani. Alamu hakuna, nimetafuta nyumba nzima, iko ya moshi tu kwenye ngazi. Jirani wa kushoto, mzee wa Kihindi alizaliwa Kampala na bado anaongea Kiswahili kidogo, kanipa hita mbili za mafuta na kaja kuzichomeka mwenyewe. Tuko wote chumba kimoja, kuna joto. Mungu awabariki.

Mdau_Reading

Kwa upande wa mwenye nyumba niongeze, maana wengi wetu tukipanga tunaona kama fundi ni hisani. Sio hisani. Sheria ya wapangaji na wenye nyumba ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inasema mifumo ya joto na ya maji ya moto kwenye nyumba ni juu ya mwenye nyumba kuitengeneza na kuiweka ifanye kazi. Hawezi kukuambia uongeze maji. Na kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka kila mwaka alete fundi wa Gas Safe akague vifaa vya gesi, na mpangaji apewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Mwulize, cheti cha mwaka huu kiko wapi? Ukiuliza swali hilo kwa maandishi mara nyingi simu inaanza kupokelewa.

Ulivyomkatalia yule shemeji umefanya sawa kabisa. Kazi ya gesi kwa mtu mwingine bila kusajiliwa ni kosa. Gas Safe ndo ilichukua nafasi ya Corgi tarehe 1 Aprili 2009, kwa hiyo hata mtu akikuambia "nina Corgi" mwambie hiyo imeshapita kwa gesi. Kitambulisho kina picha yake na namba, na ukigeuza nyuma kimeandikwa anaruhusiwa kazi gani, maana wapo wa majiko tu wasio na ruhusa ya boila. Namba unaitazama kwenye tovuti yao dakika moja.

Andika meseji au barua pepe, usiishie kwenye simu. Weka tarehe ilipoanza, weka picha ya geji ikiwa 3 na ikiwa 0, picha ya ule mfuko, sema una mtoto wa miezi minane, sema hakuna alamu, sema unaomba fundi aliyesajiliwa ndani ya saa 24 na hita za muda. Malizia kwamba usipopata jibu utawasiliana na idara ya afya ya mazingira ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Usitukane, andika kwa heshima. Kaunsili wana mamlaka ya kuja kukagua nyumba, na nyumba isiyopashika joto ni moja ya hatari wanazozipima. Najua unawaza asije akakutoa, hofu hiyo naielewa na mi niliwahi kuishi nayo, ndo maana nasisitiza maandishi, siku ya siku ni hayo yatakayokusimamia.

Baba_Salma_Glasgow

Samahani naingilia uzi. Kwangu boila imezima asubuhi hii, geji iko 1.4 haijashuka, ila inajaribu kuwaka inagugumia kama mtu anasukutua maji kooni halafu inakata. Usiku ilikua baridi kali sana. Ni ugonjwa huohuo?

FundiGesi_Bham

Hapana, wako ni mwingine kabisa na mkisikia sauti hiyo ya kusukutua wakati wa barafu wala msihangaike na mengine. Maboila ya tangu 2005 kwenda mbele karibu yote ni ya kubana mvuke, moshi unapoozwa mpaka unatoa maji, maji hayo yanatoka na bomba la plastiki jeupe au jeusi. Likipita nje ya nyumba linaganda barafu, maji yanarudi nyuma, boila linajizima. Tafuta bomba hilo nje, lipapase, hasa kwenye kona na pale mwisho linapoingilia mfereji. Mwagia maji ya vuguvugu, SIO ya kuchemka maana plastiki itapasuka, au lifunge na chupa ya maji ya moto. Mwagia ukisimama chini tu, usipande ngazi kwenye barafu. Likiachia utasikia maji yanakimbia, riseti, litawaka. Baadae mwite fundi alibadilishe, mengi ya zamani ni ya milimita 21.5, nje linatakiwa 32 na livalishwe sponji ya kuzuia baridi.

Baba_Salma_Glasgow

Limewaka! Birika tatu za vuguvugu kwenye kona. Nilikua nimeshapiga simu kwa fundi wa dharura, wengi wamejaa mpaka Jumanne. Ahsante mkuu.

MtuWaKisauni (London)

Fundi amekuja leo kwangu. Kakuta tangi la upepo halina upepo kabisa, lile la Leicester ndilo langu pia. Asema valvu ya usalama ilikua imeanza kuota kutu kwa kufungiwa. Kabadilisha valvu, kajaza upepo, kanionyesha kwa macho. Nashukuru kwa kuambiwa wazi.

MamaNasra (Leicester)

Wadau narudi na majibu. Niliandika ile barua Jumamosi usiku kama Mdau_Reading alivyosema, nikauliza na cheti. Jumapili saa tatu asubuhi mwenye nyumba kapiga mwenyewe, sauti nyingine kabisa, Jumatatu saa nne fundi yuko mlangoni, kanionyesha kitambulisho kabla sijauliza, nikageuza nyuma nikasoma, boila imo.

Nilimwambia mfuko ulikua na maji na nikamwonyesha picha za geji, akasema umenipunguzia nusu ya kazi. Kazima gesi na umeme wa boila, kamwaga maji mpaka presha ikawa 0, kavua kifuniko, kuna kijipini kama cha tairi la baiskeli kwenye lile tangi, akakibonyeza hakikutoa kitu, hewa hamna na maji hayakutoka. Kasema hiyo ni bahati, maji yangetoka ingekua mpira umetoboka na tangi lote libadilishwe. Kachukua pampu ya mguu, ile ya kujazia tairi, kajaza upepo mpaka karibu bar 1 huku kaacha koki ya kumwagia wazi. Valvu ya usalama kabadilisha, ya zamani ilikua na kichanga. Maji yaliyotoka yalikua meusi kama kahawa, akaniuliza umeongeza maji muda gani, nikamwambia wiki tatu, akatikisa kichwa akaweka dawa ya kuzuia kutu kwenye redieta. Mwisho kaweka mashine yake kwenye bomba la moshi kupima, kaandika namba kwenye karatasi kanipa nakala. Na alamu ya kaboni monoksaidi imefungwa jikoni, kaibonyeza mbele yangu ikalia mpaka mtoto akaamka.

Leo siku ya nne. Asubuhi 1.3, hitingi ikiwaka nusu saa 1.7 haisogei tena, usiku inarudi 1.3. Nimekua naamka naenda kuitazama kabla hata ya kunawa uso. Mfuko nimeurudisha nje kwenye kipaipu siku mbili, mkavu.

Swali dogo la mwisho kwa fundi, huyu bwana aliondoa ule mpira wenye waya kauweka kwenye kabati na kufunga vizibo kwenye koki zote mbili. Ni sawa? Maana mi nimeshazoea uko pale.

FundiGesi_Bham

Sawa kabisa, ndo inavyotakiwa, ule mpira ni wa kujazia tu haukai umeunganishwa na maji ya kunywa muda wote. Na 1.3 kwenda 1.7 ndo boila zima. Mwezi wa kwanza itazame mara moja kwa wiki, inaweza kushuka kidogo hewa ikijitoa kwenye redieta. Redieta ikiwa ya baridi juu na ya moto chini, ni hewa, itoe na ule ufunguo mdogo. Ikiwa ya baridi chini katikati, ni lile tope, mwambie mwenye nyumba na hilo nalo kwa maandishi.